Mhadhara, maswali darasani au vikundi vya kesi: njia ipi kwa darasa la mia tatu?

Muhula wa chuo ukiutoa wiki ya usajili, wiki ya maandalizi na wiki mbili za UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, unabaki na wiki kumi na mbili au kumi na tatu za kufundisha. Mwalimu mpya aliyepangiwa kozi ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi mia tatu huulizwa na idara mambo mawili: silabasi itaisha? Matokeo yatatoka kwa wakati? Namna atakavyofundisha anaachiwa mwenyewe, naye mara nyingi hufundisha vilevile alivyofundishwa.

Ulinganisho huu ni kwa ajili yake, na kwa mkuu wa idara anayempangia kozi. Nitaziweka pamoja njia tatu: mhadhara wa kawaida, mhadhara unaokatwa kwa maswali, na vikundi vinavyoanza na kesi. Kisha nitaingia kwenye upimaji, maana presha ya mwanafunzi kwa sehemu kubwa inatoka kwenye namna alama zinavyopangwa. Kigezo changu kikubwa ni kimoja: mwanafunzi ambaye hajaelewa anagundua lini kwamba hajaelewa? Akigundua wiki ya pili, ana muda wa kuuliza, kusoma upya na kumtafuta mwenzake amwelekeze. Akigundua kwenye UE, kinachomsubiri ni sapu, yaani mtihani wa marudio.

Presha inavyojengwa

Katika vyuo vingi vya Tanzania kozi moja ina alama 40 za kazi za muhula, yaani testi na asaimenti, na alama 60 za UE. Kenya uwiano uliozoeleka ni 30 za CAT, yaani majaribio ya ndani ya muhula, na 70 za mtihani wa mwisho. Kwetu Tanzania, katika vyuo vingi, alama ya kufaulu ni 40, A inaanzia 70, GPA (wastani wa madaraja ya kozi zote) inahesabiwa kwa tano, na kozi za mwaka wa kwanza zinaingia humo sawasawa na za mwaka wa mwisho. GPA ya 3.5 ndipo linapoanzia daraja la pili la juu, na hakuna mwanafunzi asiyejua kwamba milango mingi ya uzamili na ya kazi inaangalia hapo. Anayefeli kozi anasapu, na hata akiupiga mtihani wa sapu vizuri kiasi gani, anaandikiwa C. Anayerundika masomo aliyofeli anadisko, yaani anaondolewa chuoni, na mkopo wa Bodi ya Mikopo unakoma pamoja na masomo.

Sasa mweke hapo kijana aliyetoka sekondari ambayo haikuwa na mwalimu wa fizikia kwa miaka miwili. Ana kozi sita. Anaishi kwa bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, linalochelewa, na nyumbani kuna wadogo zake wanaomtegemea yeye atoke. Wiki saba za kwanza hakuna mtu aliyemwambia kama anafuata somo au amepotea. Testi ya kwanza inafanyika wiki ya nane, majibu yanabandikwa wiki ya kumi na mbili. Kuanzia hapo ni kukesha, kutafuta madesa (notisi za kuazimana) na pastpepa, na kukariri majibu ya maswali yaliyokwisha kutoka.

Siko upande wa wanaotaka chuo kiwe rahisi. Daktari, mhandisi na mwalimu wanapaswa kupimwa kwelikweli. Linaloniuma ni uzito wote kumwangukia mwanafunzi kwa siku chache, baada ya miezi mitatu ya kukaa gizani.

Mhadhara wa kawaida

Tuupe haki yake. Mhadhara unahitaji ukumbi mmoja, mwalimu mmoja na kipaza sauti kinachofanya kazi. Mwalimu mzuri anaweza kwa dakika hamsini kupanga jambo ambalo mwanafunzi angelisaka wiki nzima kwenye vitabu vinne, na pale ambapo maktaba ina nakala mbili za kitabu kwa wanafunzi mia tatu, mhadhara wenyewe ndio kitabu. Kuna mada ambazo nisingezifundisha kwa njia nyingine: historia ya nadharia fulani, ramani ya somo zima wiki ya kwanza, au hesabu ndefu ya mfano inayotaka kufanywa hatua kwa hatua ubaoni.

Ndani ya ukumbi hakuna presha kabisa, na hapo ndipo kasoro ilipo. Slaidi zinapita, CR (mwakilishi wa darasa) anazituma kwenye grupu la WhatsApp, kila mtu anatoka akiamini kwamba somo analo. "Kuna swali?" Kimya. Mwalimu anakichukua kimya kile kuwa kuelewa, mwanafunzi anadhani yeye peke yake ndiye hajaelewa, na wote wawili wanaahirisha taabu yao hadi wiki ya kumi na tano.

Gharama ya kuahirisha imepimwa. Mwaka 2014 Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walichambua tafiti 225 za ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Waliofundishwa kwa mhadhara mtupu walifeli kwa wastani wa asilimia 33.8, waliofundishwa kwa njia zilizowafanya wafikiri na kujibu darasani walifeli kwa asilimia 21.8. Mazingira ya vyuo hivyo si yetu, lakini tofauti ya namna hiyo kwenye darasa la mia tatu ni wanafunzi 36. Hao ni basi zima la watu wanaosapu au wasiosapu, kwa silabasi ileile. Uchambuzi mwingine wa 2020 ulionyesha kwamba pengo la alama kati ya wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma na wenzao lilipungua kwa theluthi moja pale ufundishaji ulipokuwa wa kushirikisha. Kwa yule kijana aliyekosa mwalimu wa fizikia, hilo ni jambo kubwa kuliko wastani wa darasa.

Mhadhara unaokatwa kwa maswali

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo njia ninayoamini inafaa kumbi zetu.

Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, aliianza mwaka 1991 baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake waliokuwa wakikokotoa vizuri walishindwa kujibu maswali ya dhana tu kuhusu nguvu na mwendo. Namna yake ni hii. Unafundisha dakika kumi hadi kumi na tano, unauliza swali moja la kuchagua, kila mtu anafikiri peke yake na kupiga kura. Kama karibu wote wamepata, unasonga mbele. Kama karibu wote wamekosa, unafundisha upya. Kama darasa limegawanyika, unawaambia wageukiane na kila mmoja amshawishi jirani yake, kisha wanapiga kura tena, ndipo unaeleza.

Chukua kozi ya utangulizi wa uchumi. Mwanzoni mwa 2024 mvua kubwa zilivuruga uzalishaji wa sukari nchini na bei ikapanda. Wanafunzi wengi walikuwepo na wanakumbuka foleni na malalamiko. Andika ubaoni:

Viwanda vya sukari vimesimama kwa mvua. Bei imepanda, na familia zinanunua sukari kidogo kuliko mwezi uliopita. Kipi kimetokea?
A. Mahitaji ya sukari yameshuka.
B. Ugavi umeshuka, mahitaji hayajabadilika.
C. Mahitaji na ugavi vyote vimeshuka.

Wengi wataenda A au C, kwa sababu wanaona watu wananunua kidogo. Jibu ni B: mstari wa mahitaji uko palepale, wanunuzi wamesogea tu juu yake kwa kuwa bei imebadilika. Ukilieleza hili kwa slaidi, wataandika na kusahau. Ukiwaacha wabishane dakika tatu, utasikia mmoja akimwambia mwenzake, "Sikiliza, bei ikirudi kama zamani, si utanunua kilo zako mbili kama kawaida? Sasa mahitaji yako yameshuka wapi?" Maelezo hayo yanatoka kwa mtu aliyeelewa dakika mbili zilizopita na bado anakumbuka alipokuwa amekwama. Mwalimu aliyeelewa miaka ishirini iliyopita ni vigumu kulisema hivyo.

Kura haihitaji vifaa. Wanafunzi waonyeshe vidole mbele ya kifua, kimoja kwa A, viwili kwa B, vitatu kwa C, wote kwa wakati mmoja. Aliyekaa nyuma haoni cha mwenzake, na mwalimu aliye mbele anaona darasa zima kwa kutupa jicho mara moja. Umeme ukikatika, somo linaendelea.

Jambo moja ninalisisitiza: wakigeukiana, wazungumze Kiswahili wakitaka. Lugha ya kufundishia inabaki Kiingereza, UE itaandikwa kwa Kiingereza, na maneno ya somo yatajwe hivyohivyo. Lakini mtu anayepapasa dhana mpya huku akitafuta sarufi ana mizigo miwili kwa mpigo, na wengi hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Ukiruhusu lugha wanayoiota, utashangaa ni akina nani waliokuwa na la kusema.

Matokeo? Richard Hake alikusanya takwimu za wanafunzi wa fizikia zaidi ya 6,000 na kuzichapisha mwaka 1998: madarasa ya kushirikisha yalipiga hatua ya uelewa wa dhana takriban mara mbili ya madarasa ya mhadhara wa kawaida. Na kwa upande wa presha, mwanafunzi anakosea kila siku, hadharani lakini bila jina lake kutajwa, na bila kupoteza alama. Makosa yanakuwa jambo la kawaida kabla hayajawa jambo la gharama.

Ugumu wake usifichwe. Swali moja linakula dakika tano hadi nane, kwa hiyo maswali matatu ni karibu nusu ya kipindi. Lazima upunguze slaidi, na sehemu ya silabasi uwaachie wasome wenyewe. Kutunga swali zuri ni kazi ngumu kuliko kutengeneza slaidi kumi. Na wanafunzi hawataipenda mara moja: utafiti wa Louis Deslauriers na wenzake, uliofanyika Harvard na kuchapishwa 2019, ulionyesha kwamba waliofundishwa kwa njia ya kushirikisha walijifunza zaidi, huku wao wenyewe wakihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu. Kwa hiyo waeleze wiki ya kwanza kwa nini unafanya hivi, na mwambie mkuu wa idara mapema, kabla fomu za tathmini ya mwalimu hazijamfikia mezani.

Vikundi vinavyoanza na kesi

Njia hii ilizaliwa katika shule ya udaktari ya McMaster, Kanada, ilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1969, ikachukuliwa na Maastricht ya Uholanzi katika miaka ya 1970. Kwetu Afrika Mashariki mfano wake unaofahamika ni Eldoret, ambako kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Moi kilianza nayo tangu mwanzo, pamoja na kuwapeleka wanafunzi wakajifunze katika jamii.

Kikundi cha watu wanane hadi kumi kinapewa kesi kabla ya somo kufundishwa. Mathalani: mama mjamzito wa miaka 28 amefika kliniki, anasema anachoka akipanda kilima kidogo, moyo unamwenda mbio, na ndani ya kope zake kumepauka. Mmoja anaongoza kikao, mwingine anaandika ubaoni. Wanataja wanachokijua, wanakisia sababu, wanagundua wasichokijua, wanagawana maswali, wanakwenda kusoma, na baada ya siku chache wanarudi kuelezana. Mwalimu yupo, lakini kazi yake ni kuuliza na kuwarudisha njiani.

Kwa kumwandaa mtu kazi yenyewe, sijui njia inayoizidi. Wagonjwa hawaji wakiwa wamepangwa kwa sura za kitabu. Presha yake nayo ni ya aina yake: mwanafunzi hajui asome hadi wapi. Ameambiwa aende akasome upungufu wa damu. Asome kurasa tano au hamsini? Wa mwaka wa kwanza aliyezoea kupewa notisi anaweza kuyumba vibaya kwenye uhuru huo, na akiingia kwenye kikundi chenye mtu mmoja anayesema kila kitu, atajificha muhula mzima.

Halafu hesabu. Darasa la mia tatu ni vikundi thelathini, kila kimoja kinakutana mara mbili kwa wiki, kila kimoja kinahitaji mwalimu na chumba. Idara yenye walimu sita haiwezi. Nimeona idara zikiita "vikundi vya kesi" kitu ambacho kwa kweli ni asaimenti ya kikundi: watu kumi, wawili wanafanya kazi, wanane wanaongeza majina. Hiyo ni bora ufute kabisa kuliko kuiita ufundishaji mpya, kwa sababu inawapa wawili presha ya watu kumi, huku wanane waliobaki hawaambulii chochote.

Upimaji: testi mbili kubwa, au majaribio madogo mengi?

Mjadala huu si wa leo. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mtihani wa mwisho upunguziwe uzito na kazi za mwanafunzi za kila siku zihesabiwe. Nia ilikuwa njema, na bado ni njema. Tatizo ni utekelezaji. Kozi sita, kila moja na testi mbili, asaimenti binafsi moja na ya kikundi moja, ni kazi ishirini na nne kwa muhula, na kwa kuwa kila mwalimu anapanga peke yake, nyingi zinaangukia wiki ya saba na ya nane. Mwanafunzi anafanya testi tatu kwa siku mbili. Kwa namna hiyo upimaji endelevu unaongeza vilio badala ya kuvipunguza, na wanafunzi wanaosema afadhali UE peke yake wana hoja.

Majaribio madogo ni kitu kingine. Maswali matano, dakika kumi, kila wiki, alama moja au isiyofika moja, majibu siku hiyohiyo. Faida yake ya kwanza ni kumbukumbu. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma; baadhi wakarudia kusoma, wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Mwanafunzi anayepiga msuli kwa kusoma desa lilelile mara nne anajiona yuko tayari kesho asubuhi, na kesho asubuhi huenda yuko tayari kweli. Baada ya wiki moja ni habari nyingine.

Usahihishaji ndio unaowatisha walimu. Insha mia tatu kwa dakika tano kila moja ni saa ishirini na tano. Hakuna anayeweza kufanya hivyo kila wiki. Maswali matano ya kuchagua yanaweza kusahihishwa na jirani papo hapo, au na Moodle, mfumo wa masomo wa mtandaoni, pale ambapo chuo kinao na wanafunzi wana bando. Insha ibaki moja kwa muhula, lakini isahihishwe kwa maneno, na irudi mapema.

Maastricht ilikwenda mbali zaidi, na nadhani wakuu wa vitivo walitazame. Kuanzia miaka ya 1970 wanafunzi wake wa udaktari wa miaka yote hufanya mtihani mmoja wa pamoja, mara nne kwa mwaka, wa kiwango cha anayehitimu. Wa mwaka wa kwanza anatarajiwa kukosa mengi, na alikuwa anaruhusiwa kuchagua "sijui." Kinachoangaliwa ni kupanda kwake toka mtihani mmoja hadi mwingine. Kukesha usiku mmoja hakusaidii, kwa hiyo watu hawakeshi.

Kufuta madaraja na kubakiza kufaulu au kufeli, kama MIT ilivyofanya kwa mwaka wa kwanza mwaka 1968, kunapunguza hofu. Kwetu, pale ambapo GPA ya miaka yote ndiyo inayosomwa na mwajiri na bodi za ufadhili, mwalimu mmoja hawezi kuliamua hilo, kwa hiyo siliweki kwenye meza yake.

Uchague ipi

Kama una darasa la watu mia moja au zaidi, ukumbi wenye viti vilivyofungwa sakafuni na wewe ni peke yako, chagua mhadhara wenye maswali na jaribio dogo la kila wiki. Anza na swali moja kwa kipindi muhula wa kwanza; maswali mazuri yahifadhi, mwakani utakuwa na akiba. Usijaribu kubadili kozi nzima mara moja, utachoka wiki ya tano na kurudi kwenye slaidi.

Kama una wanafunzi arobaini au pungufu wa mwaka wa tatu au wa nne, na mnaweza kupata walimu wanne na vyumba, nenda kwenye kesi. Wa mwaka wa kwanza wapewe kesi fupi zenye maswali elekezi na mpaka wa kusoma, kisha mwongozo uondolewe kidogo kidogo.

Mhadhara wa kawaida uweke kwa wiki ya kwanza, kwa mada zisizo na kitabu, na kwa hesabu ndefu za mfano. Kama mazingira yanakulazimisha uutumie muhula mzima, basi angalau dakika tano za mwisho waandike kwenye kipande cha karatasi kitu kimoja ambacho hawajakielewa, bila jina. Soma thelathini tu kati ya mia tatu jioni ile, na kipindi kinachofuata anzia hapo.

Mkuu wa idara naye ana kazi moja ambayo hakuna mwalimu anayeweza kumfanyia. Kabla ya wiki ya kwanza aketi na walimu wa kozi zote sita za mwaka wa kwanza, wakiwemo wa kozi za idara nyingine, waweke tarehe za testi na asaimenti kwenye karatasi moja. Pasiwe na testi mbili siku moja. Majibu ya kila testi yatoke ndani ya siku kumi na nne, na tarehe ya majibu iandikwe pembeni ya tarehe ya testi. Nakala wapewe CR wote, ili mwalimu akichelewa wawe na cha kumwonyesha.